Injini Ikizimika Angani: Mwongozo Kamili kwa Rubani wa Jairoplani Ndogo

Mapanga yaliyo juu ya kichwa chako hayaendeshwi na injini. Kila mwanafunzi ninayemfundisha humwanzia na sentensi hiyo, kisha humrudia nayo siku anapoanza kujiona ameiva. Injini ya jairoplani imekaa mgongoni mwako, inazungusha propela, na propela inasukuma chombo mbele. Basi. Rota, yaani mapanga yale ya juu, inazungushwa na hewa inayoingia kwa chini na kutokea juu, kama kititia anachokimbia nacho mtoto. Mashine nyingi hutumia injini kuianzisha rota kabla ya kupaa, lakini ukishaondoka ardhini uhusiano huo umekwisha katwa. Injini ikizimika, rota haina habari. Chombo kitaanza kushuka, hewa itaendelea kupita kwenye mapanga, na mapanga yataendelea kuzunguka na kukubeba hadi chini.

Jambo hili lilijulikana tangu mwanzo kabisa. Januari 1923, huko Getafe karibu na Madrid, Mhispania Juan de la Cierva alifanikiwa kuirusha C.4, chombo chake cha kwanza kilichoruka vizuri, kikiendeshwa na rubani Alejandro Gómez Spencer. Siku chache baadaye injini ilizimika muda mfupi tu baada ya kupaa, pua ikiwa juu na mwendo ukiwa mdogo. Ndege ya mabawa ya wakati ule ingeporomoka. C.4 ilishuka polepole ikatua salama. Cierva alikuwa amepoteza ndege yake ya injini tatu mwaka 1919 kwa kukosa mwendo karibu na ardhi, na jairo lilikuwa jibu lake kwa ajali hiyo.

Kwa nini basi marubani wa jairo bado wanaumia injini inapozimika? Wengi wao walipoteza mwendo wakiwa chini mno, au walisukuma fimbo ya kuongozea kwa pupa, au walikuwa juu ya mahali pasipotulika. Mwongozo huu unahusu mambo hayo, na unasaidia tu ukiusoma ukiwa na mwalimu wa kuyafanya nawe na kitabu cha mashine yako mkononi. Namba nitakazotaja ni za jairo za kawaida za mtu mmoja au wawili. Kitabu chako kikisema tofauti, kitabu ndicho kinachofuatwa.

Kazi inayofanyika kabla

Kutua bila injini huanza wakati injini bado inanguruma. Katika kila safari, kila baada ya dakika moja au mbili, jiulize: ikinyamaza sasa hivi, natua wapi, na upepo unatoka upande gani? Mwanzoni swali hili linachosha. Baada ya saa ishirini za kuruka, macho yanalijibu yenyewe bila kuulizwa, na hapo ndipo unapoanza kuwa rubani. Moshi, vumbi nyuma ya gari, mawimbi madogo kwenye bwawa, nguo zilizoanikwa, namna nyasi ndefu zinavyolala: vyote hivyo vinakueleza upepo. Ukiona umepita dakika nzima bila kupata jibu, aidha panda juu zaidi au badili njia. Msitu mpana hauvukwi kwa mita 150 kwa sababu tu unafupisha safari.

Urefu ni akiba. Jairo haitelezi mbali kama ndege ya mabawa. Bila injini, kwa mwendo mzuri wa kuteleza, inakwenda mbele mita tatu hadi nne kwa kila mita moja inayoshuka, na inashuka kama mita 6 hadi 7 kila sekunde. Kutoka mita 300 una sekunde 45 hivi. Kutoka mita 150 una sekunde 22. Hesabu hizo zifanye ukiwa umekaa nyumbani na penseli, maana angani hutakuwa na nafasi ya kuzifanya.

Yapo mengine yanayoizuia injini isizimike kabisa. Mafuta yapime kwa macho na kijiti, usiiamini geji peke yake. Toa tone kwenye chujio ukague maji na uchafu. Siku zenye unyevu mwingi jihadhari na barafu ndani ya kabureta: mafuta yanapogeuka mvuke hupooza hewa inayopita, na barafu hujijenga hata joto la nje likiwa nyuzi 20. Dalili zake ni injini kuanza kupoteza mizunguko polepole, kisha kutetemeka. Na kwa sababu propela ya jairo iko nyuma yako, kitu chochote kinachotoka kwenye kiti cha wazi kinaelekea huko huko. Simu, glavu, kofia, ramani iliyokunjwa: funga zipu za mifuko yote, ya abiria pia. Mkague kwa mkono wako mwenyewe, usimuulize tu.

Hatua ya kwanza: mwendo, kwa mkono laini

Injini ikinyamaza, msukumo umeondoka lakini ukinzani wa hewa umebaki palepale, na jairo ina ukinzani mwingi. Mwendo unayeyuka ndani ya sekunde mbili tatu, na kama ulikuwa unapanda na pua iko juu, unayeyuka upesi zaidi. Kwa hiyo kitendo cha kwanza ni kushusha pua hadi mkao wa kuteleza. Kwenye mashine nyingi mwendo unaoutafuta uko kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa. Jifunze mkao huo kwa macho, yaani upeo wa dunia unakata wapi kwenye kioo, ili usilazimike kuikodolea macho geji.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mkono wa mtu aliyeshtuka unapomponza.

Rota inazunguka kwa sababu imebeba uzito. Wewe na chombo mnaning'inia chini yake, na mzigo huo ndio unaoifanya hewa ipite kwenye mapanga kwa nguvu kutoka chini. Ukiisukuma fimbo mbele kwa kishindo, chombo kinaanza kuelea kama jiwe lililofika kileleni baada ya kurushwa. Mzigo unatoka kwenye rota, hewa inaacha kuingia kwa chini, mizunguko inaporomoka. Rota iliyopoteza mizunguko angani haibembelezeki: mapanga yanaanza kupigapiga juu na chini, na yanaweza kukata mkia au propela. Hakuna ufundi unaokutoa hapo.

Kipimo chako ni kiti. Unaposhusha pua, makalio yaendelee kukandamiza kiti muda wote. Ukihisi mwili unakuwa mwepesi, au tumbo linapanda, umesukuma kupita kiasi. Rudisha fimbo nyuma kidogo, taratibu, mzigo urejee. Shusha pua mara moja, ndiyo, lakini kama mtu anayeweka chini beseni lililojaa maji.

Pua yenyewe itafanya nini injini inapokata? Hilo linategemea mashine. Kama mstari wa msukumo wa propela unapita juu ya kitovu cha uzito, injini ilikuwa inaisukuma pua chini, na ikikata ghafla pua inaruka juu. Kama mstari huo unapita chini ya kitovu, pua inashuka yenyewe. Mkia wenye bawa kubwa la mlalo hutuliza mambo yote mawili. Ijue tabia ya mashine yako kabla: ukiwa na mwalimu, kwenye urefu wa kutosha, punguza nguvu haraka na uone pua inaelekea wapi. Rubani anayesukuma fimbo wakati pua imekwisha kushuka yenyewe anajiongezea balaa.

Miguu nayo ina kazi. Msokoto wa injini uliokuwa ukiuzuia kwa pedali moja umetoweka, na hewa ya propela iliyokuwa ikiupiga usukani wa mkia imepungua. Chombo kitageuza uso upande mmoja. Ule uzi uliobandikwa mbele yako kuonyesha hewa inapita upande gani ndio utakaokuongoza: ukanyage pedali mpaka uzi ulale katikati. Kumbuka kuwa usukani wa mkia unadhoofika kadiri mwendo unavyopungua, na hiyo ni sababu nyingine ya kuutunza mwendo.

Vuta mkono wa throtoli, ule wa kuongeza na kupunguza nguvu, mpaka mwisho. Wengi husahau. Injini iliyokata inaweza kushtuka na kuwaka tena kwa nguvu zote ukiwa mita tano kutoka ardhini, na hilo ni baya kuliko ukimya.

Kama umewahi kurusha helikopta, mikono yako itatafuta wenzo wa kushusha mapanga. Kwenye jairo haupo na hauhitajiki. Hapa rota ilikuwa inazungushwa na hewa tangu ulipoondoka ardhini.

Hatua ya pili: upepo na uwanja

Chagua uwanja ulio karibu, kwa kawaida ule ulio upande upepo unakoelekea kutoka pale ulipo au moja kwa moja chini yako. Macho ya mtu aliyezoea ndege ya mabawa hutazama mbali. Ya rubani wa jairo yanapaswa kutazama karibu na miguu. Ingawa kitabu kinasema tatu hadi nne kwa moja, mimi hupanga kwa mbili kwa moja. Ukiwa mita 300, uwanja usiwe zaidi ya mita 600 kutoka ulipo. Ziada itaenda kwenye kugeuka, kusitasita, na upepo.

Upepo unabadilisha hesabu kuliko watu wanavyodhani. Chukua sekunde zile 45 za mita 300 na mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Hewa ikiwa tulivu, utafika kama mita 1,100. Ukiukabili upepo wa kilomita 30 kwa saa, utaishia mita 750 hivi. Ukiupa mgongo, utafika 1,500. Kwa hiyo uwanja ulioonekana karibu mbele yako unaweza kuwa haufikiki kama upepo unakupiga usoni, na ule ulio nyuma ya bega lako ukawa rahisi.

Kutua lakini kuwe kwa kuukabili upepo. Jairo likitua likiukabili upepo wa wastani hukimbia mita chache tu, na mara nyingine husimama palepale lilipogusa. Hiyo ni zawadi kubwa ambayo ndege ya mabawa haina: huhitaji uwanja mrefu, unahitaji kipande kidogo kilicho safi. Nionavyo mimi, kipande cha mita 50 kisicho na nyaya ni bora kuliko shamba la mita 400 lenye nguzo katikati.

Ukipaangalia mahali, tafuta kwanza nguzo, si nyaya. Waya hauonekani, nguzo mbili zikionekana, chukulia kuna waya kati yake, na ule mwembamba unaotoka nguzoni kwenda kwenye jengo. Shamba lililolimwa, tua sambamba na matuta. Mteremko, tua ukipanda, hata kama upepo hafifu unakuja kwa ubavu. Mifugo hutawanyika ovyo, chagua pengine. Mimea mirefu, hesabu ncha zake kuwa ndiyo ardhi.

Ukishachagua, umechagua. Kubadili uamuzi chini ya mita 100 kumewaharibia wengi kuliko uwanja mbaya wenyewe. Isipokuwa umeona waya, hapo geuka.

Hatua ya tatu: kuwasha tena, kama kuna nafasi

Ukiwa juu ya mita 300, uwanja umeupata na mwendo umetulia, jaribu kuwasha. Ukiwa chini ya hapo, achana na injini, rusha chombo. Mfuatano nilioushika kichwani unakwenda kwa kufuata njia ya mafuta, kisha moto: koki ya mafuta iko wazi, pampu ya pili washa, choki haijavutwa, maana choki iliyovutwa bila kujua huinyonga injini iliyopata joto, joto la kabureta kama mashine inalo, washa, swichi zote mbili za cheche ziko juu, stata. Mara moja, mara mbili. Haikukubali, basi. Kila unapoangusha macho kwenye swichi, pua inapanda au inashuka bila wewe kujua, hivyo gusa kimoja, inua macho, gusa kingine.

Redio inakuja baada ya hapo, kama bado kuna muda. Tamka "Mayday" mara tatu, jina la chombo, mahali ulipo, kwamba injini imezimika na unatua shambani, na mko watu wangapi. Sema kwenye masafa uliyonayo. Kama huna mtu unayeongea naye, tumia 121.5, masafa ya dharura. Transponda, kile kifaa kinachokutambulisha kwenye rada, iweke 7700, namba ya dharura. Sentensi moja inatosha. Mtu wa redio hawezi kukurushia chombo.

Injini inayokohoa

Injini iliyokufa kabisa ni rahisi kuielewa. Inayokohoa, inayopoteza nusu ya nguvu kisha kuirudisha, ndiyo inayodanganya. Inakufanya uamini kuwa utafika uwanjani kwako, kilomita tatu tu, na inakubeba mpaka juu ya mapaa ya nyumba halafu inanyamaza. Sheria yangu ni kuihesabu kuwa imekufa tangu ilipokohoa mara ya kwanza. Elekea uwanja wa karibu unaotulika, ukae juu yake, na ukiwa hapo juu ndipo uichunguze. Nguvu iliyobaki itumie kufika kwenye uwanja huo na kukaa juu yake. Kisha, ukiwa na uhakika wa kuufikia, rudisha throtoli mwenyewe na utue kama isiyo na injini, ili isije ikakukatia pabaya.

Hatua ya nne: mteremko

Panga kufika juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Urefu uliozidi unaweza kuupoteza kwa njia kadhaa. Urefu uliopungua hakuna mahali pa kuununua.

Chagua alama moja chini, kichaka au doa la rangi, theluthi ya kwanza ya uwanja. Ukishuka kwa mwendo usiobadilika, alama inayobaki palepale kwenye kioo ndiko unakokwenda. Ikipanda kwenye kioo, hutafika. Ikishuka kuelekea miguuni, utapita. Kosa la asili ni kuvuta fimbo alama inapopanda, mtu akidhani anarefusha mteremko. Kwenye jairo, ukipunguza mwendo chini ya ule wa kuteleza, mteremko unazidi kuwa wima. Ukivuta ili ufike, hutafika, na utakosa mwendo wa kutua. Upepo ukikupiga usoni na alama inapanda, fanya kinyume cha hisia yako: ongeza mwendo kidogo ili uupenye.

Ukiwa juu mno, pinda kushoto na kulia mfululizo mbele ya uwanja, bila kuupa mgongo. Mzunguko kamili ufikirie mara mbili. Kwa kilomita 90 kwa saa na chombo kikiwa kimelala ubavu nyuzi 30, mzunguko mmoja unachukua sekunde 28 hivi, na hizo ni karibu mita 190 za urefu. Jairo pia linaweza kushuka karibu wima kwa mwendo wa hewa ulio karibu na sifuri, likiwa limetulia kabisa. Ni njia nzuri ya kupoteza urefu ukiwa juu ya uwanja wako, mradi uanze kurudisha mwendo mapema: kutoka sifuri hadi mwendo wa kutua unahitaji kama mita 100 za kushusha pua, na mimi husimamisha mchezo huo nikiwa mita 200. Usitue kwa kushuka wima. Gia, yaani magurudumu na miguu yake, itavunjika, na mgongo wako pia.

Kuanzia mita 100 kwenda chini usiguse kitu kingine. Mikanda imekazwa, ya abiria imekazwa, koki ya mafuta imefungwa, swichi za cheche zimezimwa. Ongeza kilomita 10 kwa saa juu ya mwendo wako wa kuteleza, kwa sababu upepo hupungua karibu na ardhi, na ule mwendo uliokuwa unaukopa kutoka kwake utatoweka mita kumi za mwisho.

Hatua ya tano: kuvunja mteremko na kugusa

Ardhi ya jairo lisilo na injini inakuja upesi, na mteremko wake ni mkali kuliko ule uliouzoea ukiwa na nguvu kidogo ya injini. Jiandae kwa sura hiyo, isikushtue ukavuta mapema.

Kiasi cha mita tano kutoka chini, anza kurudisha fimbo nyuma taratibu. Mteremko utanyooka. Rota itaongeza mizunguko, kwa sababu umeipa mzigo zaidi, na nguvu hiyo iliyohifadhiwa kwenye mapanga ndiyo utakayoitumia sasa. Lenga kuwa sambamba na ardhi kwenye nusu mita, macho yako yakiangalia mbali, mwisho wa uwanja. Kaa hapo. Mwendo utapungua, chombo kitataka kuzama, nawe uendelee kurudisha fimbo kidogo kidogo kukizuia, mpaka fimbo inakaribia tumboni na magurudumu ya nyuma yanagusa yenyewe.

Ukivunja mteremko juu mno, utabaki ukining'inia mita tatu bila mwendo wala injini ya kukuokoa. Usisukume fimbo. Ishikilie ilipo, weka rota sawa, pokea kishindo kikiwa kimenyooka. Ukichelewa kuvunja, gurudumu la mbele litagusa kwanza na chombo kitaruka au kubiruka. Kati ya makosa haya mawili, la kwanza huumiza gia na la pili huumiza watu.

Kitu kinachoangusha jairo nyingi wakati wa kutua shambani ni kugusa zikiwa zinakwenda upande. Magurudumu yako karibu karibu na uzito uko juu. Ukigusa ukiserereka, gurudumu linashika, chombo kinalala, mapanga yanapiga ardhi na mashine inajivunja yenyewe. Pua ielekee unakokwenda, kwa pedali. Mserereko uuondoe kwa kulaza rota kidogo upande unaotoka upepo. Kwenye mashine nyingi gurudumu la mbele limeunganishwa na pedali, kwa hiyo kabla halijashuka rudisha miguu katikati.

Ukishagusa, fimbo nyuma hadi mwisho, ibaki hapo mpaka chombo kisimame. Rota itafanya kazi ya breki. Kisha ilaze sawa, ukiegemeza kidogo upande wa upepo, na ungoje. Usifungue mkanda. Mapanga bado yana nguvu ya kuua mtu, na kadiri yanavyopunguza kasi ndivyo yanavyoweza kuinama chini ya kimo cha mtu. Mzuie abiria kwa mkono.

Ikizimika wakati wa kupaa

Hapa ndipo pabaya kuliko pote, na dawa yake iko kwenye namna ya kupaa. Kitabu chako kina mchoro wa urefu na mwendo wenye eneo lililotiwa rangi: ukiwa ndani yake injini ikikata, huna urefu wa kurudisha mwendo wala mwendo wa kuvunja mteremko. Kupaa kwa pua iliyonyooka juu, kunakowafurahisha watazamaji, ni kukaa ndani ya eneo hilo kwa hiari. Ukiondoka ardhini, baki mita moja au mbili juu ya njia ya kurukia mpaka mwendo ufike ule wa kupandia, halafu ndipo upande, ukiutunza.

Ikikata kabla hujaondoka: throtoli nyuma, fimbo nyuma, nyoosha kwa pedali. Ikikata chini ya mita 100: shusha pua kwa ulaini, tua mbele, ukipinda kidogo tu kukwepa kizuizi. Usirudi. Kugeuka nyuzi 180 kwa mlalo wa nyuzi 30 kunakula sekunde 14 na zaidi ya mita 90, na ukimaliza uko mita 220 pembeni ya mstari wako, upepo ukiwa mgongoni, bado hujajipanga na njia. Ongeza sekunde mbili za mshtuko. Chini ya mita 150 hesabu hiyo haifiki, na hata juu ya hapo iwe umeijaribu na mwalimu, si kwa kubahatisha. Kabla ya kila kupaa, tamka kwa sauti: "Ikikata chini, mbele. Ikikata juu ya hapo, uwanja ule wa kushoto." Sauti yako itakuwa imekuamulia.

Pakikosekana uwanja

Miti ikiwa ndiyo pekee, chukulia vilele vyake kuwa ardhi na uvunje mteremko hapo, ili mwendo uwe umeisha chombo kinapozama kwenye matawi. Chagua miti mifupi na iliyosongamana. Majini, tua karibu na ukingo au karibu na boti, mwendo uwe sifuri unapogusa, na usitoke mpaka mapanga yasimame. Kabla ya kugusa maji legeza kamba ya kofia na waya wa redio, ila mkanda ubaki umekazwa. Mijini, barabara inavutia lakini nyaya na magari vimeijaza; kiwanja cha mpira ni bora karibu kila mara.

Mazoezi

Mazoezi ya throtoli ikiwa chini yafanye kila mwezi, na mwalimu angalau mara chache kwa mwaka. Ila fahamu tofauti: injini inayozunguka taratibu bado inasukuma kidogo na kuupa mkia hewa, hivyo mteremko wa kweli wenye propela iliyosimama ni mkali zaidi. Wakati wa kuteleza kwa muda mrefu, fungua throtoli kidogo mara kwa mara injini isipoe kupita kiasi, la sivyo zoezi litageuka tukio.

Ukiwa chini

Zima umeme wote, toka kwa upande wa mbele, mbali na propela na bomba la moshi. Nusa: kuna harufu ya mafuta? Kama ipo, ondokeni mita 50. Piga simu kwa mtu anayekungojea na kwa waliosikia "Mayday" yako, kabla hawajatuma watu kukutafuta.

Injini ikiwaka tena hapo shambani kana kwamba hakuna kilichotokea, usipae nayo. Barafu ya kabureta huyeyuka na kufuta ushahidi wake, tone la maji husogea kwenye bomba, waya uliolegea hugusana tena. Toa mafuta kwenye chujio uyaangalie ndani ya chupa nyeupe, fungua bakuli za kabureta, vuta waya mmoja mmoja. Sababu isipopatikana, chombo kinaondoka shambani juu ya trela.